Maziwa Yamechacha, Tumlaumu Nani?

Tuseme akina mama kumi wa Entarara wamekama alfajiri, wakamimina maziwa yao katika mtungi mmoja, na mtu wa boda akaondoka nao. Kufika kituo cha kupokelea, yanakataliwa. Hasara ni ya wote kumi. Je, wale waliokuwa na vyombo safi walikosa nini? Naona swali hili halijibiki kabla hatujajua bakteria wanavyozaana, kwani hapo ndipo lawama zetu hupotea njia.

Bakteria hahitaji mwenzi. Hukua, akajigawa katikati, wakawa wawili. Wawili wakawa wanne. E. koli akipata joto na chakula cha kutosha hujigawa karibu kila dakika 20, na kwa mwendo huo mmoja tu, baada ya saa saba, ni zaidi ya milioni mbili. Maziwa yaliyokamwa sasa hivi yana kinga yake ya asili, ila si ya kudumu, na jua la Kajiado unalijua.

Sasa tupige hesabu. Chukulia kwamba mle mtungini wanaongezeka maradufu kila nusu saa. Mama ambaye chombo chake ni kichafu mara mbili kuliko cha mwenzake amewasogeza hatua moja. Wa boda akisimama saa moja kunywa chai, amewasogeza hatua mbili. Yaani chai imechafua kuliko kibuyu! Na barabara mbovu je? Na kituo kisicho na jokofu? Lakini utasikia ati mama ndiye hajui usafi. Huyo huyo aliyefunzwa na nyanya yake kusugua kibuyu kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, ili joto na moshi viwapunguze hao wadudu.

Kuna atakayesema bila uchafu wa mwanzo, chai haina cha kuzidisha. Sawa, lakini hakuna maziwa yanayoanza na sufuri, hata ng'ombe akioshwa vipi.

Tena kuhesabu kwenyewe kuna mambo. Maabarani mililita moja ya maziwa hutiwa katika mililita tisa za maji maalumu, na hivyo tena na tena, mpaka yamepunguzwa mara 10,000. Kiasi kidogo huwekwa kwenye sahani yenye chakula chao, siku tatu kwenye joto la nyuzi 30, ndipo vidoa vinahesabiwa. Vidoa 210 ni bakteria 2,100,000 kwa mililita, na kiwango cha Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi kinakomea 2,000,000. Siku tatu! Maziwa yalishanyweka au yalishamwagwa. Na namba hiyo haisemi ni ya nani, wala haitofautishi wanaotupa maziwa lala na wanaotupa kuhara.

Kwa hiyo mimi sikubali hasara ya mtungi kugawanywa kwa waliokama peke yao. Kila aliyeyashika aandikiwe saa zake, mnunuzi naye akiwemo. Wataniambia ni gharama. Lakini kipimo cha spiriti hakihitaji maabara: maziwa kidogo, spiriti kiasi hicho hicho, yakigandamana umejua yameharibika. Kifanywe chombo kwa chombo, mwenyewe akiona, kabla ya kuchanganya.