Shika Mawili, Hakuna Litakaloponyoka

Mshika mawili moja humponyoka, walisema wahenga. Kwenye kompyuta, methali hiyo iweke pembeni. Wapo vijana chungu nzima wanaotamani kujifunza Linux lakini hawathubutu, kwa sababu Windows ndiyo inayowalisha: ndimo ilimo programu ya hesabu za duka, ndimo wanamotengenezea kadi za harusi. Nani aliwaambia lazima wahame? Diski moja inabeba wapangaji wawili, kila mmoja na mlango wake, na wewe mwenye nyumba ndiye unayeamua leo afunguliwe nani.

"Laptopu yangu ya zamani haitaweza." Itaweza! Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo laptopu nyingi za mtumba hazina. Mashine nzima kabisa zinaitwa chuma chakavu! Weka Linux Mint kando ya hiyo Windows yako: RAM ya GB 4 inaitosha, leseni hulipii, masasisho ya usalama unapata. Mtandaoni ingia na Linux, Windows ibaki na kazi zake za ndani. Kwangu mimi, hiyo ni akili kuliko kukopa pesa ya mashine mpya.

Tena Linux si mgeni. Simu yako ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki. Wewe unaogopa nini?

Inuka basi. Kwanza nakala: picha, hesabu, tasnifu, vyote kwenye diski ya nje. Hapa sibembelezi mtu. Asiye na nakala asiguse kitu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi. Zima Fast Startup, kisha ndani ya Windows yenyewe fungua Disk Management, punguza sehemu yake, uache GB 50 wazi. Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa kuwa itafutwa yote, na programu ya Rufus itaipakia Linux Mint na kuigeuza kuwa flashi ya kuwashia.

Sasa utamu wenyewe: ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, Linux inafunguka bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, jaribu sauti. Ukiridhika, chomeka chaja (umeme wetu unaujua), ndipo uanze kusakinisha. Utakutana na swali moja zito: uweke kando ya Windows, au ufute diski yote? Soma mara mbili. Chagua kando.

Ukiwasha tena, orodha ya GRUB, ya kuchagua mfumo, itakuwekea majina yote mawili mbele yako. Mchana dukani, Windows. Usiku, Linux na amri zake, ujuzi unaotafutwa kwenye kazi za seva. Hata mafaili yako ya Windows utayafungua ukiwa upande wa Linux. Usimsubiri fundi, wala usingoje mwakani. Tafuta flashi, uanze Jumamosi hii.