Koti la Mvua Saa Sita Mchana

Arusha ina sifa ya baridi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai watu hutembea wamejifunika makoti. Sifa hiyo huwaponza wapiga dawa wa mashamba ya nyanya kule Ngarenanyuki, kaskazini mwa Mlima Meru, ambako mvua ni haba na jua la mchana ni kali.

Kijana mmoja alipata kibarua huko. Mwenye shamba alikuwa mtu mwangalifu, akampa gambuti, glavu, barakoa na koti refu la mvua. Alichosahau ni saa. Kazi ilianza saa tano, bomba la lita 16 mgongoni, na mgeni akapewa shamba sawa na wazoefu. Bomba la nne likamshinda.

"Kaka, kichwa kinanigonga."

"Jikaze, mdogo wangu, yamebaki matuta mawili. Tukimaliza utakunywa maziwa."

Muda mfupi baadaye akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba, akaanguka katikati ya nyanya.

Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumia hugeuka joto. Mwili hulitoa joto hilo kwa jasho, lakini jasho hupoza linapokauka. Ndani ya koti la plastiki halikauki, linatiririka tu hadi kwenye gambuti, na joto linazidi kupanda hata kama nje kuna upepo wa mlimani. Isitoshe, ngozi iliyolowa jasho hupitisha sumu kwa urahisi zaidi.

Wenzake wakabishana: ni sumu au ni jua? Wengine wakakimbilia maziwa. Dakika za thamani zikapotea hapo, kwani kichwa kuuma, kichefuchefu, jasho na kizunguzungu hutokea kwa yote mawili. Mate yakichuruzika na mboni zikisinyaa, kuna dalili ya sumu, ila hakuna haja ya kungoja uhakika. Vaa glavu, mtoe shambani, mvue nguo zote zilizoloa, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kisha mwahishe hospitali pamoja na chupa ya dawa yenye maandishi yake. Maziwa hayaondoi sumu, na aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa akinyweshwa kitu chochote.

Kijana alipona. Si wote wanaopona: joto la mwili likipita nyuzi 40 na akili ikaanza kupotea, hicho ni kifo kinachobisha hodi.

Wapo wanaosema basi afadhali mpiga dawa asivae kitu. Hapana, hilo ni kumkabidhi kwa sumu. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014, wahudumu waliovaa mavazi yaliyowafunika mwili mzima walitolewa wodini baada ya kama saa moja, wavue, wapumzike, wanywe maji. Hakuna aliyewaita wavivu. Mpiga dawa wa Meru anastahili heshima hiyohiyo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, na ulinzi hauishii kwenye kununua koti. Wenye mashamba, anzeni kupiga dawa alfajiri na mkomeshe kabla jua halijawa kali. Wekeni maji na kivuli karibu. Mgeni mpeni kazi kidogokidogo kwa wiki ya kwanza na ya pili, na akisema kichwa kinamgonga, mtueni bomba papo hapo.