Wasafiri wa Mwisho wa Kiangazi

Mwishoni mwa kiangazi cha Uingereza, yaani Agosti na Septemba, rasi ya Portland iliyo pwani ya kusini huwa nchi kavu ya mwisho kwa ndege wengi wanaojiandaa kuvuka bahari, na ndiyo maana kituo cha kuwachunguza kilifunguliwa hapo mwaka 1961, ndani ya mnara wa taa uliokwisha kuacha kazi. Nondo nao huchunguzwa hapo, na shughuli za siku huanzia kwenye mtego wao, ambao ni sanduku lenye taa kali juu na trei za mayai ndani, ambamo wadudu waliovutwa na mwanga hujibanza hadi watambuliwe, wahesabiwe na kuachiliwa wakiwa hai. Yumo nondo mwenye alama ya herufi Y bawani, ambaye, na hili linastaajabisha kuliko safari ya ndege yeyote, huchagua pepo za juu zinazoelekea kusini, kama rada zilivyoonyesha, ilhali hajawahi kuipita njia hiyo. Mbayuwayu wanaopita juu ya rasi hiyo huendelea hadi Afrika Kusini. Mtego hukaguliwa alfajiri, kwa kuwa ndege wenyeji hujifunza upesi kuwadonoa nondo waliomo.