Koa Aliyetua Gamba Lake



Mwaka jana nalikwenda Unguja kwa kazi ya Kanisa. Asubuhi moja, maji yalipokupwa, nalimwona kijana amelala kifudifudi majini, kamera mbele ya uso wake, hajitikisi. Nalidhani amepatwa na jambo. Kumbe alikuwa akimpiga picha koa wa bahari juu ya jani la mwani, mdogo kama punje ya mtama! Alikuwa akimngoja ainue pembe zake. "Nje ya maji, mzee wangu, utaona ute tu," akasema. Katika picha, mgongo ulijaa vinyuzi kama manyoya, ncha zake rangi ya machungwa.

Koa kama hawa wapo hata katika bahari za baridi, ambako mwani mwingine hupita urefu wa mita 30, kuliko mninga wetu. Wa Unguja walichunguzwa na Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Uingereza katika Afrika ya Mashariki hata mwaka 1904. Koa akitiwa katika pombe kali rangi zake hupotea. Hivyo yafaa kumtazama angali hai.

Nalimwuliza kijana, Gamba lake li wapi? Akajibu kwamba huzaliwa nalo, jembamba mno, akiogelea. Wakati wa kugeuka ukifika, hutua juu ya chakula chake na kulivua. (Wengine hula wanyama wawashao na kuiweka miiba yao mgongoni. Neno hilo silihubiri.)

Hutua! Burton, aliyepita hapa mwaka 1857, aliandika kwamba jina Tura maana yake ni "Tua", kwa kuwa wapagazi waliovuka nyika ya Mgunda Mkali walitua hapa mizigo yao. Nami, mchungaji wa mahali paitwapo hivyo, nimechukua miaka sita kosa la mdogo wangu juu ya ng'ombe wa marehemu baba. Nalisoma mbele yenu Mathayo 11, Bwana awaitapo wenye mizigo, nikashuka mimbarani nao wangu begani. Naliuita haki. Ulikuwa gamba tu, nami nalijificha ndani yake nisimwone mama yetu akilia.

Usiku ule nalimwandikia mdogo wangu. Ng'ombe sikuwataja. Majibu hayajaja, na mama huniuliza kila Jumapili.