Amri ya Nne Yaanza Nyumbani



Amri ya nne mmekwisha kujifunza. Lakini kuijua kwa kinywa si kuishika. Mtu aweza kuitamka mbele ya katekista bila kukosa neno, na huku nyuma mama yake mzee ameachwa mkekani, hana maji wala moto.

Bwana wetu Yezu Kristu aliwakemea Mafarisayo walioruhusu watu kuwanyima wazazi msaada, kwa kusingizia kwamba mali yao imetolewa kwa Mungu. Sadaka ya namna ile Mungu haipendi.

Kumbukeni pia mwaka 1996. Vita vilipofika Fizi, watu wengi walivuka ziwa Tanganyika, na wengi wakakaa katika kambi ya Nyarugusu. Ni nani waliobeba watoto mgongoni, wakalala na njaa ili watoto wale? Wengi wao ndio wazee wa leo, wasioweza tena kwenda kuteka maji.

Tena yuko adui mwingine. Mtoto akifa kijijini, wengine hunong'ona kwamba mzee fulani amemroga. Macho ya mama mzee yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuwapikia ninyi. Je, hiyo ni dalili ya uchawi? Amsingiziaye mzee avunja amri ya nane. Amwuaye avunja na ya tano. Mkristo hasimami katika kundi hilo, hata kama ndugu zake wote wamo.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka siku ya kuwaadhimisha mababu na wazee: Dominika ya nne ya mwezi wa saba, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Siku hiyo tuwapeleke kanisani, tuwape mahali pa mbele. Asiyeweza kutembea, katekista aambiwe, ili Padri ampelekee Komunyo. Lakini heshima ya mzee ni ya kila siku. Mwamkie wa kwanza. Mpe ugali ungali moto, na samaki aliyetolewa miiba. Mpashie maji ya kuoga. Mwulize shauri. Na akirudia hadithi ile ile, usimcheke, sikiliza.

Leo jioni, kabla ya sala, kila mmoja aende kwa mzee mmoja, amwulize: «Mzee wangu, umepungukiwa na nini?» Jibu lake ndilo kazi yako ya kesho. Hivyo ndivyo unavyojitayarisha kwa Ubatizo.