KIJANA, UMEBEBA NINI?

Kijana mwenzangu, subiri kwanza, usiitupe karatasi hii! Nina swali moja tu: usiku wa kuamkia leo, ulilala?

Nawajua vijana wa Moshi. Nimehubiri Pasua, Njoro na Majengo, nimepanda mpaka Kibosho na Marangu. Mchana unacheka na wenzako stendi, usiku unageukageuka kitandani. Matokeo ya Kidato cha Nne hayakukaa vizuri. Bodaboda si yako, na tajiri anataka hesabu yake jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kihamba cha babu kimegawanywa hadi imebaki migomba ya kuhesabu, na ndugu hawasalimiani. Halafu inaingia Desemba! Watu wanapanda kutoka Dar es Salaam, magari yamejaa migombani, mbuzi anachinjwa, na mjomba anakuuliza mbele za watu, "Na wewe, uko wapi siku hizi?" Unacheka. Lakini ndani kuna kitu kimekatika.

Hicho kitu kina jina. Ni msongo wa mawazo, wala siyo uvivu. Muumba aliweka tezi mbili ndogo juu ya figo zako. Mbwa mkali akikukimbiza, zinamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, unaruka ua ambao siku nyingine usingeuweza. Mbwa akirudi kwao, mwili unatulia. Kazi nzuri kabisa! Lakini deni halirudi kwao. Linakubwekea mchana na usiku, na mwili unakaa umekaza wiki nzima, mwezi mzima. Ndipo kichwa kinauma, tumbo linavuruga, hasira zinakuwa karibu, usingizi unakimbia. Ukiendelea hivyo miaka, moyo nao unaumia.

Wengine wanakwenda kwenye mbege au gongo. Haya, pombe inakulaza. Lakini inakuamsha saa tisa usiku, na deni liko palepale, limeongezeka bei ya pombe.

Sasa soma 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa nabii mkubwa, ametoka kuona moto ukishuka kutoka mbinguni. Malkia Yezebeli akamtumia ujumbe kwamba atamuua. Yule jasiri akakimbia! Akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu afe. Nabii, sikia hilo. Mtu wa Mungu alitamani kufa.

Je, Mungu alimfokea? Alimwambia imani yake ni ndogo? Hapana! Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Akala, akalala TENA. Akaguswa mara ya pili, akala. Ndipo akapata nguvu ya kwenda siku arobaini hadi Horebu, na huko ndiko Mungu alikozungna naye. Usingizi kwanza, chakula, maji, kisha mahubiri! Wako wahubiri wanaoita kila uchovu pepo. Mimi siko upande huo. Pale chini ya mretemu sioni pepo aliyekemewa, naona mkate.

Waulize wapagazi wetu wa Kilimanjaro. Mgeni anakuja na misuli ya mwanariadha, anataka kukimbilia kileleni, mita 5,895. Wanamwambia, "Pole pole." Wengi wanaopita njia ya Marangu huongeza usiku wa pili Horombo, mita 3,720, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Anayeharakisha anaumwa kichwa, anatapika, anashushwa, hata awe na nguvu kiasi gani. Hans Meyer mwenyewe alifika kileleni mwaka 1889, safari yake ya tatu. Sasa wewe una miaka ishirini na mbili, nani kakwambia umechelewa?

Basi leo jioni fanya hivi. Kula, hata kama ni ndizi na maharage tu. Simu iweke mbali na kitanda, maana saa sita ya usiku hakuna deni linalolipwa. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi, mara kumi, moyo utapungua mbio. Kesho tembea kwa miguu, fanya kazi ya jasho. Deni liandike kwenye karatasi, kisha nenda ukaongee na unayemdai au anayekudai, usimkwepe. Na usikae peke yako! Eliya alisema amebaki peke yake, kumbe Mungu alikuwa na watu elfu saba, na baadaye akampa Elisha wa kutembea naye.

Dada yangu, kaka yangu, kama wewe nawe umefika chini ya mretemu, umewaza kujiua, usisubiri kesho. Mwambie mtu LEO, mama, shangazi, rafiki. Akupeleke Mawenzi au KCMC. Kumwona daktari si kukosa imani. Mkate wa Eliya nao uliokwa juu ya makaa ya kawaida.

Na Yesu? Katika Mathayo 11 hakuwaita wenye nguvu, aliwaita waliolemewa. Hakuna kiingilio, wala huulizwi umejenga wapi. Ongea naye kwa Kiswahili chako, au Kichagga, hata kwa machozi tu.

Aliyekupa karatasi hii bado yuko hapa uwanjani. Mrudie, mwambie jina lako, na mwambie umebeba nini.