Mpigieni Mwano Askari Aliyerudi Nyumbani

Ndugu zangu wa Mwadui na Maganzo, wa Songwa na Nyenze, nanyi mlioko Kakola, Katoro, Nyarugusu na Geita mjini, fungueni Matendo ya Mitume sura ya 16, msome habari za mlinzi wa gereza la Filipi. Mmehubiriwa habari zake mara nyingi, lakini wahubiri tuna haraka ya kufika pale alipobatizwa yeye na watu wa nyumbani mwake. Leo tusimame nyuma kidogo, kwenye dakika ile alipotaka kufa.

Usiku wa manane nchi ilitetemeka, misingi ya gereza ikatikisika, milango yote ikafunguka. Mlinzi akaamka, akaona milango iko wazi, akadhani wafungwa wametoroka. Kwa Warumi, mlinzi aliyepoteza wafungwa aliweza kulipa kwa uhai wake. Kazi imekwisha, heshima imekwisha, na asubuhi atasimama mbele ya wakubwa hana la kujibu. Akachomoa upanga ajiue. Na huo mji wa Filipi mjue ulikuwa mji gani. Baada ya vita vilivyopiganwa pale mwaka 42 kabla ya Kristo, Warumi waliwagawia ardhi yake askari wao waliomaliza utumishi. Ulikuwa mji wa askari wastaafu, watoto wao na wajukuu wao. Mtu yule alizungukwa na watu walioamini kwamba mwanamume akishindwa, aibu yake huiosha kwa damu yake mwenyewe.

Paulo alikuwa mle ndani gizani pamoja na mwenzake Sila, mgongo umechanika kwa fimbo, na aliyemtia miguu kwenye mkatale ni mlinzi huyo huyo. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema moyoni kwamba hayo ni mambo ya mtu binafsi, tusimwingilie. Alipaza sauti, tena Luka ameandika wazi kwamba sauti ilikuwa kubwa, akamzuia asijidhuru, akamjulisha kwamba hakuna hata mmoja aliyeondoka. Upanga ukashuka. Mtu akaomba taa.

Sauti ile haipo kwetu, ndugu zangu, na kwa kukosekana kwake tunazika watu.

Sisi tunaoishi Usukumani tunajua sauti kubwa ni nini. Ng'ombe akiibwa Kishapu saa nane za usiku, mwenye zizi hutoka nje akapiga mwano, yowe la kuita msaada. Kabla hajamaliza kaya ya pili imeupokea, ya tatu imeupokea, wanaume wako njiani na fimbo na pinde, hakuna anayeuliza ng'ombe ni wa ukoo gani. Kwa mwano huo Sungusungu walisimama Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakasambaa hadi serikali ikawatambua. Huo ni mwano wa ng'ombe! Mtoto wa watu anapotea mbele ya macho yetu, tunamwona mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hakuna anayefungua kinywa. Tukishamzika ndipo kila mmoja msibani anasema, "Hata mimi niliona hayuko sawa." Uliona, ukakaa nalo!

Nawasemea hasa askari waliorudi uraiani wakashika mwiko na sururu. Wako wengi katika ukanda huu kuliko tunavyowahesabu. Wako wazee waliokwenda Uganda mwaka 1978 na 1979, wengine wakiwa mgambo waliochukuliwa mashambani, wakatembea na bunduki hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979, kisha wakarudishwa kwenye majembe yao, wala hapakuwa na aliyewauliza usiku wanaota nini. Wako waliolinda amani Darfur na Kongo. Desemba 7, 2017, katika kambi ya Semuliki karibu na Beni, waasi walivamia usiku, wakaua askari wa Tanzania wasiopungua 14 na kujeruhi makumi. Majina ya waliokufa tuliyasikia redioni. Waliotoka hai usiku ule ni waume za watu na baba za watu, na siku yao ya kuvua gwanda inafika.

Wako pia vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, nao ndio wengi zaidi. Jeshi hilo limekuwepo tangu Julai 1963. Vijana wake ndio walioshika kazi ya ukuta wa Mirerani, kilometa zaidi ya 24 kuzunguka machimbo ya tanzanite, uliozinduliwa Aprili 2018. Kijana anayejitolea huamka kabla ya alfajiri, hula kwa filimbi, hulala kwa filimbi, hujifunza uashi na kufunga nondo, na moyoni ana tumaini moja: kuandikishwa jeshini. Nafasi ni chache. Mkataba ukiisha anashuka basi pale Maganzo na begi la kijani, mama yake anapiga vigelegele, majirani wanamwita afande. Baada ya mwezi anabeba zege kwa ujira wa siku, na bado wanamwita afande. Jina hilo linamchoma kila linapotamkwa.

Kazi yenyewe hairehemu. Kuna reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kuna bomba la mafuta linalopita Geita na Kahama, kuna nyumba zinazoinuka kila kona ya Katoro. Vibarua wanahitajika, lakini kibarua ni wa leo. Mvua ikinyesha hakuna zege, hakuna pesa. Mgongo ukiuma hakuna pesa. Mkopo wa kausha damu haungoji mvua iishe. Mstaafu mwenye kiinua mgongo anashawishiwa aingize fedha zake zote kwenye duara la dhahabu. Wanachimba, wanalipia matimba, wanalipia karasha, dhahabu haionekani, naye anaona aibu kurudi kwa mke wake. Akifika Geita wanakopasua mwamba kwa baruti, mlio mmoja unamrudisha Beni. Analala chini ghafla mbele ya vijana, vijana wanacheka. Jioni anakunywa gongo apate usingizi, na gongo humpa usingizi wa saa mbili, kisha humwamsha na giza kubwa kuliko lile alilokuwa nalo.

Mnamjua mtu huyu. Ndiye anayefika saiti kabla ya wote. Matofali yake yamepangwa kama askari kwenye gwaride, karai zimeoshwa na kufudikizwa, chepe zimeegemezwa ukutani kwa urefu. Fundi gani asingemtaka? Kisha anaanza kubadilika. Chai ya saa nne anaketi peke yake nyuma ya rundo la kokoto, chapati anaigusa tu. Anachelewa, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa. Anasema maneno madogo kama ya utani, kwamba yeye ni mzigo, kwamba watoto watalelewa vizuri zaidi asipokuwepo. Halafu Alhamisi moja anaonekana ametulia, uso umekunjuka, mkajua amepona. Anamwita saidia fundi wake, anamkabidhi mwiko, timazi na pimamaji: "Shika, mdogo wangu, vitakufaa." Kijana anashukuru kwa furaha.

Ndugu, fundi hagawi mwiko wake! Hata kuuazimisha hapendi, kwa kuwa mpini umeshazoea kiganja chake. Fundi akigawa mwiko na timazi bila sababu, akiaga watu ambao hakuna safari ya kuwaaga, akilipa vijideni vidogo vidogo kwa haraka, huo ndio wakati wa mwano. Acha zege likauke. Mchukue pembeni.

Umwambie nini? Muulize waziwazi, "Kaka, unafikiria kujiua?" Najua mnaogopa swali hilo. Mnadhani mtu akiulizwa atapewa wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti uliofanywa nchi nyingi umeonyesha kwamba kumuuliza hakumsukumi. Walio wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye mtu amelitaja. Usimuulize kwa kumzungusha, usimwambie "wewe si unamcha Mungu?", usimkumbushe kwamba wapo wenye shida kuliko yeye. Uliza, kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kwenda chooni. Mpigie ndugu yake, mpeleke hospitali. Shinyanga kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Kolandoto iko jirani, Bugando ya Mwanza ina idara ya magonjwa ya akili. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Nyumbani kwake ondoeni chochote anachoweza kukitumia. Nasema hili kwa msisitizo kwa kuwa sisi ni watu wa pamba, na dawa ya kunyunyizia pamba tunaiweka chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Ihamishieni kwa jirani, ifungiwe kwa kufuli. Sri Lanka walipopiga marufuku dawa za mashambani zilizo kali kabisa, waliokuwa wakijiua walipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Saa ile mbaya ni saa, nayo hupita, kama mtu hakukuta kitu mkononi. Kati ya watu kumi waliojaribu wakaokolewa, kama tisa hawafi baadaye kwa njia hiyo. Wanaishi. Wanaoza binti zao, wanapaua nyumba zao. Mlinzi wa Filipi naye alikuwa dakika moja mbali na kaburi, na usiku ule ule alikuwa anawaandalia Paulo na Sila chakula mezani pake.

Wako wanaosema mtu huyo amerogwa, apelekwe kwa mganga akachanjwe. Huzuni inayokula usingizi, hamu ya chakula na nguvu za mwili ni ugonjwa, na una tiba: dawa, mazungumzo na mtaalamu, muda, watu wa kukaa naye. Wako wanaosema ni dhambi isiyoombewa. Nawaambia wachungaji wenzangu: acheni kufunga mlango wa kanisa mbele ya jeneza la mtu aliyekufa hivyo na kumwacha mjane amzike kwa wizi. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imekataza waamini kukata tamaa juu ya wokovu wa watu hao, na inasema Kanisa huwaombea. Mkimwaibisha marehemu, aliye hai anayewaza vivyo hivyo ameketi benchi la nyuma, anasikia, na anafunga mdomo wake moja kwa moja.

Na sheria nayo inamfunga mdomo. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mtu ametolewa mautini, na nyuma ya daktari anaona polisi! Nani atakiri mapema? Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao. Wabunge wetu wa Shinyanga na Geita, mmezika wachimbaji na askari wa majimbo yenu wenyewe. Lipelekeni jambo hili Dodoma.

Sasa wewe afande, unayesoma karatasi hii umeikunja usionekane. Nasema na wewe kama baba. Kumwambia mtu kwamba umechoka kuishi siyo kukimbia lindo. Jeshini ulipojeruhiwa mguu uliita, wakaja na machela, wala hakuna aliyekuita mwoga. Mkumbuke Eliya. Alishinda kule Karmeli, na muda mfupi baadaye aliketi chini ya mti jangwani akamwomba Mungu afe. Mungu hakumkaripia. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena, ndipo akaongea naye. Eliya alidhani amebaki peke yake. Kumbe walikuwepo maelfu. Leo, kabla jua halijazama, mtajie mtu mmoja: mke wako, fundi mkuu wako, koplo mliyekuwa naye kombania moja. Sema neno lenyewe. Kama huyo atakucheka, mwendee mwingine, na kama hakuna, gonga mlango wa nyumba yoyote ya mchungaji, padri au sheikh, saa yoyote.

Nanyi wake wa askari hawa, msivumilie kimya kwa kuogopa kuvunja heshima ya baba. Mwiteni shemeji, mwiteni balozi wa nyumba kumi, piga kelele mama!

Namalizia na ninyi mafundi wakuu, wasimamizi na wenye maduara. Huko Queensland, Australia, tangu mwaka 2008 watu wa ujenzi wamejipanga wenyewe chini ya jina la MATES in Construction. Wanafundishana saiti namna ya kumtambua mwenzao aliyelemewa, na waliofundishwa hubandika alama kwenye kofia ngumu ili mwenye shida ajue wa kumfuata. Hilo halihitaji fedha ya mfadhili. Jumatatu hii, kabla hamjagawa karai, teueni watu wawili wanaosikiliza na kutunza siri, mmoja akiwa aliyewahi kuvaa gwanda, watajeni kwa majina mbele ya wote. Zungumzeni na zahanati ya kata iwafundishe. Mpangeni kila askari aliyerudi pamoja na mwenzake, wafanye kazi wawili wawili, walipwe pamoja, watoke pamoja. Na siku yule asiyechelewa akichelewa, usiandike tu kwenye daftari kwamba hayupo. Zege halilali, na hili nalo halilali: tuma watu wawili nyumbani kwake kabla ya chai ya saa nne, wagonge mpaka afungue.